Saa Yangu, Mchi wa Mama na Siku ya Kukhitimu

Enzi zetu, kitu kipya ulikijua kwa sababu hakikutoshi. Viatu vya Idi ulivaa na pamba mbele ya vidole, ukitembea unasikia kama kuna mtu mwengine ndani anayekufuata. Gauni la skuli lilikuja na upindo mpana kama mto wa kulalia, na kila mwaka mama akiufungua kidogo, mpaka chini ya gauni rangi zikapandana kama ngazi na mpita njia yeyote akaweza kukuambia umeanza skuli lini. Ukilalamika, baba alikuwa na jawabu moja tu, la viatu, la nguo, la baiskeli na la kitanda. "Utakua." Alilisema kwa sauti ya mtu anayekutisha.

Watoto wa leo nguo zao zinawatosha siku ile ile ya dukani. Tena nyengine zimechanika magotini, na hawakuzichana wao, wamezinunua hivyo. Mimi nikichana gauni langu kwenye rede, na rede pale Hail, kijiji chetu cha pwani huku kwa Waarabu, tulikuwa tukicheza mchangani mpaka nywele zinajaa mchanga wa wiki nzima, nilikuwa naingia nyumbani kinyumenyume ili mama asione. Hail ile ilikuwa nyumba za kuhesabika, mbuzi wasio na mwenyewe, na bahari unayoinusa kabla ya kuiona. Nyumbani kwetu tulikuwa tukisema Kiswahili tulichokuja nacho kutoka Unguja, skuli tukisema Kiarabu, na tukikasirika tunachanganya. Asubuhi chai na mkate wa kumimina, jioni kahawa na tende, na katikati ya hivyo viwili hakuna mtu aliyekuuliza unajisikiaje.

Alasiri tulikwenda chuoni kwa Bi Ghanima. Alitusomesha Kurani uani kwake, sisi juu ya mkeka na yeye juu ya kiti, mkononi ana fimbo ya kuti ndefu ya kumfikia mtoto wa mwisho bila ya yeye kuinuka. Sikumbuki kama alimpiga mtu. Alikuwa akituonesha tu, na sisi akili za kufahamu tulikuwa nazo. Mtoto akimaliza msahafu, Bi Ghanima huja nyumbani kwao Alhamisi baada ya Alasiri, mtoto akasoma zile sura za mwisho mbele ya wanawake wa mtaani, halwa ikakatwa, kahawa ikamiminwa, na vigelegele vikasikika mpaka msikitini. Mtoto huyo siku hiyo ni bibi harusi bila ya usumbufu wa kuwa na mume.

Mwaka ule waliokuwa wakikaribia kumaliza ni wawili, mimi na Raya, binti wa nyumba ya pili. Mimi nilikuwa mbele kwa sura chache. Bi Ghanima akapanga: Alhamisi hii Thuwaiba, Alhamisi ijayo Raya. Na akasema wazi kwamba atakayekosa siku yake atasomeshwa pamoja na mwenziwe siku inayofuata. Fikiria. Nimehangaika na Sura ya Baqara peke yangu, nimelia nayo peke yangu, halafu nigawane vigelegele nusu kwa nusu na Raya, ambaye uso wake ulikuwa mzuri kuliko wangu na kila mtu angemtazama yeye. Nilikuwa tayari kusoma hata na homa.

Baba naye akataka kunipa zawadi ya kufanana na jambo. Alikuwa karani wa ofisi mjini, Ruwi, na Jumatano akarudi na kisanduku kidogo. Ndani mna saa. Si saa ya kike. Baba alizidharau saa za kike, alisema ni ndogo kama punje ya mchele, mwenye nayo akitaka kujua wakati lazima amuulize mtu mwengine. Hii ilikuwa saa ya mwanamume kamili, uso mpana, mkanda wa chuma unaong'ara, uzito wake kama jiwe la mizani. Nikaivaa. Nikashusha mkono, ikaanguka chini. Nikaivaa tena na kuinua mkono, ikateremka mpaka kwapani. Mama alicheka akakaa kitako. Nilisubiri baba aseme ile kauli yake, na alifungua mdomo kweli, lakini nadhani hata yeye aliona kwamba kwa saa hii ningehitaji kukua mpaka niwe yeye.

Mtu mwengine angeirudisha kwa fundi saa aliyemuuzia, ampunguzie mkanda huku yeye anakunywa chai. Baba hakuwa mtu mwengine. Aliamini kwamba kilichofungwa na mkono wa binaadamu, mkono wake utakifungua. Ushahidi ulikuwa redio yetu, iliyokuwa ikisema vizuri mpaka siku baba alipoisaidia. Akasema kazi yenyewe ni kutoa pingili chache tu, kama pingili za muwa, na kazi ya kutoa pingili haimtoi mtu Hail mpaka Ruwi Alhamisi, siku ya mapumziko enzi zile.

Basi Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tukakaa ukumbini. Baba alitandika taulo, akaiweka saa kifudifudi juu ya soli ya kiatu chake cha ofisini. Vyombo vyake vilikuwa msumari tulioutundikia picha ya babu, sindano ya cherahani, na mchi wa mama wa kutwangia vitunguu thomu. Kwa upande wa ndani, kwenye kila pingili, mlikuwa na kishale kidogo kimechorwa. Mama akauliza vishale hivi vya nini. Baba akasema mapambo.

Leo najua, na wewe msomaji labda unajua, kwamba kile kishale kinakuonesha pini itokee upande gani. Baba aliipiga itokee ule mwengine. Alipiga pini iingie ndani zaidi, na kila ikikataa alisema chuma hiki cha kweli, hawakudanganya. Nyumba nzima ilinuka thomu. Bibi, mama yake baba, alikuwa pembeni akitoa kokwa za tende za wageni, na kila mchi ukilia alisema "bismillah" taratibu, kama mtu aliyepanda gari na dereva asiyemwamini.

Hatimaye baba aligeuza saa kwa bahati tu, akapiga, na pini ikaruka. Ikaruka kweli, ikapotea. Tuliinua mikeka, tukapapasa zulia, Bibi akapapasa kwa viganja huku macho yake juu, kwa sababu alisema macho yanamchanganya. Pini hatukuiona. Tuliiona hereni ya mama iliyopotea tangu Ramadhani, na kwa kipindi kifupi baba akawa shujaa.

Yakaja mashauri ya kipimo. Bibi alitaka mkanda upitishe kidole. Mama alitaka ukae vizuri, usiyumbe, kwa kuwa wanawake watakuwa wakitazama. Mimi sikuulizwa, nilikuwa ni mkono tu. Baba alisikiliza kote, akatoa pingili za Bibi, akatoa na za mama, halafu kwa vile mkono ulikuwa umeshazoea, akatoa moja yake mwenyewe. Badala ya pini iliyopotea akavunja sindano ya cherahani na kuichomeka kipande, na kipande hicho, nasema kwa haki, kilikaa kama kimezaliwa hapo. Tatizo lilikuwa pigo la mwisho. Mchi uliteleza ukakipata kile kifungio cha kukunja, kikapinda kidogo. Baba alikitazama, akakiparuza kwa kidole, akasema hakina neno.

Nikanyoosha mkono. Baba akaizungusha saa, akabana kwa vidole gumba viwili. Tak.

Ilikaa kama ngozi. Mama akapiga kigelegele cha majaribio. Baba alijifuta jasho na kutuelezea jinsi mafundi wa mjini wanavyowala watu kwa kazi ndogo kama hizi, na mimi nikawa napita mbele ya kioo, nikijidai naangalia wakati. Hapo mama akaniambia nikatawadhe, wageni wanakaribia.

Saa haikufunguka.

Nilidhani sijui kuifungua. Nikampelekea mama, naye akadhani hajui. Tukampelekea baba, akavuta, akapinda, akapuliza, kwa nini akapuliza sijui mpaka leo. Kifungio kilikuwa kimeingia mahali ambapo hakikutaka kutoka. Ikaja sabuni, yakaja mafuta ya nazi, na saa ikawa inanukia vizuri na haikusogea. Mkanda ulikuwa umebana hata unywele haupiti.

Baba akasema hakuna lililoharibika, mtoto atawadhe na saa yake mkononi, saa hii hata ukizama nayo baharini haiingii maji.

"Ndilo tatizo lenyewe, mwanangu," Bibi akasema, hakuinua macho kwenye tende. "Haipitishi maji."

Akatuhukumia pale pale, tende moja baada ya moja. Maji yasipofika kwenye ngozi hapana udhu. Pasipo udhu mtoto hashiki msahafu. Asiposhika msahafu, hizi tende anamtolea nani kokwa?

Mnajua ninyi wa rika langu nyumba ilivyokuwa inapoingia taharuki. Nilikalishwa kibaoni karibu na bomba la uani. Baba ameshika kiwiko, mama ameshika kiganja, Bibi ameshika kichwa changu, kwa faida gani sijui. Mama akawa na fikira ya kupenyeza uzi uliolowa maji chini ya mkanda. Uzi uliingia. Haukutoka. Sasa nilikuwa na saa yenye mkia. Bibi akajaribu njiti ya fagio, ikavunjika ndani. Baba akasema vuta, mama akasema sukuma, na mimi katikati nililia bila ya aibu yoyote, kwa sababu kutoka pale bombani nilikuwa nausikia mlango wa mbele ukifunguliwa na wanawake wakisalimiana.

Bi Ghanima aliingia mpaka uani akiwa na Raya nyuma yake, amembebea msahafu. Raya alinitazama mkono, mafuta, uzi na njiti. Kisha akasema kwa upole, upole ule wa kukutia mtu hasira, kwamba yeye ana udhu wake tayari, kama utahitajika.

Bi Ghanima akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku. Akauliza kazi hii kafanya nani. Sote tulimtazama baba, na baba akaitazama redio kupitia dirishani. Bi Ghanima akasema kitu kinachoweza kuvuliwa lazima kivuliwe. Atasubiri mpaka jua lipungue. Isipotoka, Alhamisi ijayo nitasoma na Raya, si mwisho wa dunia. Akaingia ndani kwa wageni.

Ulikuwa mwisho wa dunia. Sikuwa na jambo jengine lolote duniani nililolipata kabla ya Raya. Na saa nayo niliipenda, msinione nilikuwa mtawa, niliipenda kwa uzito wake na kwa ile tak. Bibi akashauri twende kwa fundi, shughuli isogezwe. Mama akaanza kutafuta buibui lake. Baba aliinuka akaingia stoo, akarudi na plaizi. Akachutama mbele yangu, shati lake limelowa.

"Thuwaiba, mwanangu. Wataka saa au wataka kukhitimu?"

Nikasema nataka vyote viwili. Nilikuwa mtoto, na swali lilikuwa gumu kuliko msahafu wote.

Baba hakunigombeza. Alicheka kidogo kwa puani, akasema, "Basi lete mkono."

Alitafuta mahali pa kukata. Mama akamwonesha pale penye kipande cha sindano, akisema ndipo pembamba. Baba akakataa katakata, pale kazi imekaa vizuri. Akakiingiza kinywa cha plaizi kwenye kile kibati cha kifungio, akageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano, akabana. Saa mpya, hata siku mbili haijamaliza, ikaanguka mapajani mwake. Aliiokota akaitia mfukoni bila ya kuitazama. Bibi akachukua kopo, akanimiminia maji mwenyewe, na maji yakapita popote yalipotaka.

Nikasoma. Sauti ilitetemeka mwanzo, nikamtazama Bi Ghanima, fimbo hakuja nayo siku hiyo na nikaona afadhali angekuja nayo, kisha ikanyooka. Nilipomaliza, vigelegele vilipanda mpaka nikaziba sikio moja, na cha juu kuliko vyote kilikuwa cha Raya. Sikutegemea. Alikipiga kwa moyo wake wote, mpaka akakohoa.

Mkono wangu lakini ulikuwa umechapwa alama za pingili kuzunguka pande zote, nyekundu, moja kwa moja, kama mgongo wa mamba. Kila mwanamke aliyekuja kunipa mkono wa hongera aliugeuza kuutazama. Mmoja akamwita binti yake aje aone, halafu akamuuliza mama hina hii ya mtindo mpya kaipiga nani. Mama akasema, baba yake.

Baada ya wiki mama akaitoa saa kwenye mfuko wa baba, akakata mpira wa soruali ya zamani, akaushona pande mbili za saa kwa uzi mweusi. Hivyo ndivyo nilivyoivaa mpaka nikamaliza sekondari, saa ya mwanamume yenye mpira wa soruali ya mwanamke. Darasani walinicheka wakachoka. Lakini wakati wa kutawadha niliivuta mpaka kiwikoni ikakaa yenyewe, na wenzangu wenye mikanda ya maana wakawa bado wanahangaika na vifungio. Baba akiulizwa alisema ule ndio mpango wake tangu mwanzo.

Masomo yangu yaliishia hapo sekondari, na safari zangu nazo zikaishia karibu na hapo. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka jikoni kwenda kuangalia nani kapiga hodi, na mara nyingi nasikilizia tu mpaka aondoke. Sihitaji saa, ninachelewa wapi? Lakini mwezi uliopita Haitham, mtoto wa kaka yangu, akaja kutoka Bawshar na zawadi: saa ya mkanda wa chuma, ya kike, uso wake kama punje ya mchele. Ikanipwaya. Nikafurahi, nikasema moyoni sasa tutafanya kazi.

Akafungua kimkoba. Mlikuwa na kinyundo kidogo, kibao cha kuwekea saa, na vijisindano vyake vimepangwa kwa ukubwa. Nikamwambia jikoni kuna mchi, akadhani natania. Vishale aliviona mara moja, akavijua. Hakumuuliza mtu, hakuapa, hakupoteza hata pini moja, na zulia langu lina vitu vingi vilivyopotea ambavyo vingefurahi kutafutwa. Simu ilikuwa imesimama mezani, ndani ya video bwana mmoja wa kigeni mwenye kucha safi anaonesha, na Haitham anafuata. Mkono wangu aliupima kwa ukanda wa karatasi. Aliuzungusha, akatia alama, akauweka mkono wangu chini taratibu kama kikombe cha mtu mwengine, akaendelea na karatasi.

Kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza. Na ilikaa, siwezi kumsengenya. Ilikaa sawa sawa, kidole kinapita, maji yanapita, inafunguka na kufunga. Nyumba haikunuka kitu. Nikakumbuka uani kule Hail, jinsi kosa moja dogo la baba lilivyohitaji nyumba nzima, huyu kiwiko, huyu kiganja, yule kichwa, na nikaona kwamba tangu siku ile mkono wangu haujawahi kushikwa na watu wengi kiasi kile. Vijana wetu wanajua kila kitu na wanakimaliza haraka. Wanakuja, wanatengeneza, wanaondoka na foleni ya magari bado haijaanza.

Haitham alikuwa ameshakifunga kimkoba chake na funguo za gari ziko mkononi.

"Shangazi, imekaa vizuri? Haibani?"

Nikautazama mkono, nikauzungusha.

"Inabana kidogo," nikasema.

Haikuwa inabana. Akaziweka funguo mezani, akakaa karibu yangu, akaushika mkono kwa mikono yake miwili na kuanza kutafuta inabana wapi. Nikamwambia aangalie vizuri, asiwe na haraka.